Kuunganisha mizani ya ghala na mfumo wa uhasibu kwa programu ya kati

Mizani hutoa namba tupu. Mfumo wa uhasibu unataka hati yenye msimbo wa bidhaa, kiasi na saa. Programu ya kati hupokea, hutafsiri, hutunza, kisha hupeleka. Hapo kwenye kutunza ndipo wengi huruka, na ndipo data hupotelea.

Kabla ya kugusa waya, chora jedwali la kila taarifa: inatoka wapi, kwa kipimo gani, inaingia wapi. Amua pia ni mfumo upi pekee unaoruhusiwa kubadilisha misimbo ya bidhaa. Mifumo miwili ikiruhusiwa, programu ya kati haitaipatanisha.

Kwa mizani ya Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani) kwenye RS-485 (mfumo wa nyaya za mawasiliano), kasi (mara nyingi biti 9600 kwa sekunde), pariti (biti ya kukagua makosa) na anwani ya kifaa lazima vilingane na mipangilio ya programu. Funga rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili za kebo tu. Kifaa hakijibu? Badilisha nafasi za nyaya mbili za data, A na B, kwanza, maana watengenezaji hawaziiti kwa namna moja.

Kinachosumbua zaidi ni kifaa kujibu vibaya. Rejista moja (kisanduku cha namba ndani ya kifaa) ina biti 16, hivyo namba ya desimali ya biti 32 hukaa kwenye rejista mbili. Weka jiwe la kilo 20: rejista zinapaswa kusomeka 41A0 na 0000 kwa heksadesimali. Ukizisoma kinyume utapata namba ndogo mno ambayo skrini huonyesha kama sifuri, na fundi ataanza kufungua mizani nzima bure. Kagua pia anwani: rejista inayoandikwa 40001 kwenye kitabu cha kifaa kwa kawaida huombwa kama 0.

Usirekodi kila kinachosomwa. Subiri alama ya uzito kutulia, chukua mara moja, kisha usichukue tena mpaka mizani irudi karibu na sifuri.

Kila rekodi iandikwe kwanza kwenye hifadhidata ya hapohapo, ikiwa na saa ya UTC (saa moja ya dunia nzima) na kitambulisho cha kipekee kilichotolewa wakati wa kupima, si wakati wa kutuma. Mtandao unaweza kukatika baada ya hati kupokelewa lakini kabla jibu halijarudi. Programu itatuma tena. Bila kitambulisho kilekile, mzigo mmoja unaingia mara mbili. Kama mfumo wa uhasibu hauna ukaguzi huo, weka kitambulisho kwenye sehemu ya kumbukumbu ya hati, na ukitafute kabla ya kutuma upya.

Makosa hayatibiwi kwa dawa moja; angalia msimbo wa HTTP ambao mfumo wa uhasibu unajibu. Jibu la 503 (huduma haipatikani kwa sasa) au ukimya: jaribu tena baada ya sekunde 1, 2, 4, 8, hadi kikomo cha dakika 5 hivi. 429 (maombi yamezidi): punguza kasi. 400: rekodi yenyewe ina kasoro, itenge ili mtu aitazame, foleni iendelee. 401 (ruhusa imekataliwa): simamisha foleni yote urekebishe ruhusa, la sivyo utatenga rekodi nyingi zisizo na kosa.

Modbus TCP (Modbus inayopita kwenye mtandao) ya kawaida haina nywila, kwa hiyo bandari (port) yake 502 isionekane kabisa kwenye intaneti.

Kabla ya kukabidhi kazi, chomoa kebo ya mtandao, pima mizigo 10, zima kompyuta ya programu ya kati na uiwashe, kisha rudisha kebo. Hati zikiwa 9 au 11, usikabidhi.