Kabla ya kulipia kompyuta ya gemu ya kuagiza

Omba orodha ya vipuri yenye jina la mtengenezaji na modeli kamili ya kila kimoja. Kampuni inayoandika tu "RTX 4070, RAM GB 32, pawa saplai wati 750" mara nyingi imebana gharama pale pasipotajwa: kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme) na madabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote). Pawa saplai ndiyo ya kuulizia kwanza. Ikiwa dhaifu, kompyuta hujizima katikati ya gemu, pale kadi ya michoro (hiyo RTX) inapovuta umeme mwingi kwa ghafla.

Uliza pia kama madabodi ni ya vipimo vya kawaida vya ATX. Baadhi ya kampuni kubwa hutumia madabodi na plagi za umbo lao wenyewe. Kipuri kikiungua, hupati mbadala ila kwao. RAM iwe vipande viwili vya GB 16, si kimoja cha 32, maana kimoja hupunguza fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye gemu nyingi. XMP au EXPO, mpangilio unaoifanya RAM ifikie kasi iliyotangazwa, iwe imewashwa kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi).

Kwenye dhamana, ulizia nani hulipia usafirishaji wa kurudisha, na kama kufungua kasha la kompyuta ili kuongeza SSD (diski ya kuhifadhi) kunaivunja. Kompyuta ikifika, toa kwanza sponji zilizoshikilia kadi ndani, ndipo uwashe.