Kabla Hujajisajili Kusoma Ufeministi na Taswira ya Mwili Ukiwa na Kazi na Watoto

Mtu mzima akiniambia anataka kusoma somo hili, swali langu la kwanza si la ada wala la muda. Namuuliza hivi: simu au tableti utakayosomea, nani mwingine nyumbani huishika? Wengi hunishangaa. Nitafika huko. Tumalize kwanza yaliyo mepesi.

Ada lipa mapema. Akaunti ya maktaba ifungue wiki ya kwanza, usingoje usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha insha. Kazi yako ihifadhi sehemu mbili. Mwajiri wako ajue tarehe za mitihani tangu muhula unapoanza, tena kwa maandishi.

Muda sasa. Jina la somo huwahadaa watu. Wakisikia "vyombo vya habari" na "taswira ya mwili" hudhani kazi ni kutazama matangazo na kusema yanawaonea wanawake, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya huku anapiga pasi. Sivyo. Makala ya mwananadharia wa filamu Laura Mulvey ya mwaka 1975 kuhusu mtazamo wa kiume katika sinema, yaani jinsi filamu inavyotufanya tumtazame mwanamke kwa jicho la mwanaume anayemtamani, ina kurasa 13 tu, nami niliitengea saa moja kwa kuwa nilihesabu kurasa. Ilinichukua jioni nne. Mulvey anajenga hoja yake juu ya Freud na Lacan, wataalamu wa uchambuzi wa nafsi, na asiyewajua hao hata kidogo atarudia sentensi moja mara tano akidhani ni uchovu wa kazini. Usipange ratiba kwa kurasa, panga kwa ugumu. Nadharia ipe saa ambazo akili yako iko safi, hata kama ni dakika 40 za alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kunakili marejeo na kupanga mafaili kuache kwa usiku.

Tena usianze na Mulvey. Anza na mhakiki wa sanaa John Berger, Ways of Seeing, 1972. Mawazo yake yalitoka kwenye vipindi vya televisheni kabla hayajawa kitabu, kwa hiyo unamsoma kama unayemsikiliza. Anaonyesha jinsi michoro ya Ulaya ilivyomzoesha mwanamke kujiona kwa macho ya anayemtazama, na jinsi tangazo la biashara lilivyorithi mkao uleule. Ukishalipata hilo, Mulvey anafunguka. Kisha nenda kwa Susie Orbach, Fat Is a Feminist Issue, 1978, halafu Susan Bordo, Unbearable Weight, 1993. Bordo ndiye aliyenisaidia kuliko wote, kwa sababu anajibu swali ambalo wanawake wenye kazi hujiuliza kimoyomoyo: kwa nini mtu mwenye elimu na msimamo bado anapanda kwenye mizani kila asubuhi? Anasema mwili mwembamba, uliokazwa, husomwa kama ushahidi wa mtu anayejitawala, na mwanamke anayetaka kuheshimiwa anadaiwa ushahidi huo kila siku.

Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria, na bell hooks, mwandishi aliyeandika jina lake kwa herufi ndogo, wote wanawake weusi wa Marekani, wasome mapema pia. Wanafunzi wengi huwabandika kwenye aya moja kabla ya hitimisho, na hilo ni kosa la msingi. Crenshaw alionyesha mwaka 1989 kwamba sheria inayotazama ubaguzi wa rangi kivyake na wa jinsia kivyake humpoteza mwanamke mweusi katikati. hooks, mwaka 1992, alionyesha kwamba mwanamke mweusi anayetazama sinema hakuwa na nafasi katika hesabu ya Mulvey: yule mwanamke anayetamaniwa kwenye skrini alikuwa mweupe, na mtazamaji huyu alijifunza kutazama kwa kupinga. Ukiwasoma mwisho, utagundua kwamba neno "mwanamke" ulilolitumia tangu ukurasa wa kwanza halikuwa na maana uliyodhani. Mwenzangu darasani aligundua hilo siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, mtoto wake akiwa na homa. Aliandika upya insha nzima.

Namba. Hapa nasema kwa ukali kidogo, kwa sababu sisi tunaosoma huku tunafanya kazi tuna tabia moja mbaya: tunaokota takwimu kwenye muhtasari wa mtu mwingine kwa kuwa kitabu chenyewe hatujakifikia. Katika toleo la kwanza la kitabu chake The Beauty Myth, 1990, mwandishi Naomi Wolf aliandika kwamba wanawake 150,000 hufa kila mwaka nchini Marekani kwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Idadi hiyo ilikuwa makadirio ya wanaougua. Mwanafalsafa Christina Hoff Sommers aliifuatilia mpaka kwenye chanzo chake na kuianika mwaka 1994, na matoleo ya baadaye yakarekebishwa. Lakini namba iliyokwisha kutoka hairudi ndani. Niliikuta kwenye muhtasari na kuiweka kuwa sentensi ya kwanza ya insha yangu ya kwanza. Mwalimu aliizungushia kalamu akaandika pembeni neno moja: "Gawanya." Nikagawanya kwa siku 365. Zaidi ya wanawake 400 kila siku, katika nchi moja, kwa ugonjwa mmoja. Nilipaswa kushtuka kabla yake. Hoja ya Wolf kuhusu shinikizo la urembo haikuanguka kwa kosa lile, ila wapinzani wake walipata njia ya kutoijibu. Usiwape na wewe.

Utafiti wa Fiji utakutana nao, kila mtu hukutana nao. Televisheni ilifika eneo la Nadroga, katika visiwa hivyo vya Pasifiki, mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwapa wasichana 63 wa sekondari dodoso muda mfupi baadaye, kisha wakawapa wengine 65 mwaka 1998. Wenye alama za kutia wasiwasi kuhusu ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Waliosema wanajitapisha ili kudhibiti uzito walikuwa sifuri mwanzoni, wakawa asilimia 11.3. Namba hizo zinauma, na zitumie. Lakini andika pia kwamba walikuwa makundi mawili tofauti, si wasichana walewale waliofuatiliwa, kwamba idadi yao ni ndogo, na kwamba katika miaka mitatu jamii hupitia mengi zaidi ya televisheni. Yaandike wewe kabla hujaandikiwa pembeni.

Sasa simu.

Muhula wa pili tulipewa kazi ya kukusanya picha na video 60 za mtandaoni zinazouza wembamba, tuzichambue. Nilitumia akaunti yangu ya kawaida kwenye mtandao wa picha, na nilifanyia kazi kwenye tableti ya nyumbani kwa sababu kioo chake ni kikubwa na macho yangu huchoka usiku. Watu wote wakishalala, nakaa. Natafuta, nafungua, natazama hadi mwisho, nahifadhi. Algoriti, ile programu inayochagua utakachoonyeshwa, haina habari na utafiti wako. Inachojua ni kwamba umesimama mahali fulani na umekaa hapo kwa muda gani. Haikupita wiki, akaunti ikawa haina kingine: tumbo kabla na tumbo baada, chai za kukausha mafuta, mabinti wanaoonyesha wanachokula kwa siku nzima, na wanachokula ni kidogo sana. Nami nilifurahi! Data inajileta yenyewe, nikasema, muda umeokolewa.

Yaliyonipata mwenyewe nitayasema kwa ufupi. Nilianza kuvaa sweta ndani ya nyumba. Niliacha kula jioni, nikijiambia niko na haraka. Na wakati huohuo mezani palikuwa na karatasi ya mwanasaikolojia Barbara Fredrickson na wenzake ya mwaka 1998, niliyoipigia mistari kwa kalamu ya rangi: wanawake waliojaribu vazi la kuogelea mbele ya kioo, wakiwa peke yao chumbani, walifanya vibaya zaidi kwenye mtihani wa hesabu kuliko waliojaribu sweta, na kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Sehemu ya akili ilikuwa imekwenda kuulinda mwili usionekane vibaya, hata mahali ambapo hapakuwa na wa kuuona. Nilikuwa naijua nadharia hiyo vizuri kiasi cha kuifundisha. Haikunikinga. Ufaransa tangu Oktoba 2017 inataka picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwili wa mwanamitindo iandikwe kwamba imehaririwa, na majaribio mengi yaliyofanywa kuhusu maandishi ya namna hiyo yamekuta kwamba hayapunguzi sana watu kujilinganisha. Jicho huona mwili kwanza, maandishi huja baadaye. Ndiyo sababu nasisitiza maandalizi yafanyike kabla. Usitegemee kwamba ukishaelewa utakuwa salama.

Insha iliwasilishwa, alama zikawa nzuri. Kama wiki tatu baadaye binti yangu, wakati huo ana miaka kumi, alikuja jikoni akaketi kwenye kigoda, akashika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili.

"Mama, nikikaa tumbo linajikunja. Litaacha lini?"

Nikamjibu kwamba tumbo la kila mtu hujikunja akikaa, hata langu, hata la baba yake. Akaniambia la yule dada halijikunji. Dada yupi? Akanitajia jina la mmoja wa wale niliowachambua. Alilitaja kama anavyomtaja rafiki.

Nilifungua historia ya tableti usiku huo. Kulikuwa na video zilizotazamwa saa kumi jioni, saa kumi na nusu, saa ambazo mimi huwa bado kazini na yeye ametoka shule na anaruhusiwa kutazama katuni. Akaunti yangu ilikuwa wazi muda wote. Nyingine alikuwa amezirudia. Ndipo nikakumbuka chakula cha mchana kilichokuwa kikirudi nusu, nami nikidhani ni mambo ya shule. Nilikuwa nimeandika maneno 3,000 kuhusu njia ambazo picha hizi huwafikia wasichana, na kwa binti yangu njia hiyo ilikuwa mimi.

Tulizungumza sana, siku nyingi, kidogo kidogo. Tulikwenda kwa mshauri nasaha mara kadhaa. Sasa anakula, na anaulizauliza mambo mengine. Lakini ile akaunti haikusafishika hata nilipofuta historia. Matangazo yaleyale yalinifuata kwenye programu nyingine kwa sababu nilisajili zote kwa barua pepe moja. Mwishowe niliifuta kabisa, pamoja na picha za miaka mingi za ndugu na marafiki.

Kwa hiyo fanya hivi, na fanya kabla hujatafuta picha hata moja. Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya utafiti. Kwa barua pepe hiyo fungua akaunti mpya, uitumie kwenye kifaa ambacho mkono wa mtoto haufiki. Kama kifaa ni kimoja nyumbani, omba kutumia kompyuta ya maktaba, na ukimaliza toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Kusanya mchana, kwa vikao viwili au vitatu vyenye idadi uliyoipanga, si kila usiku kabla ya kulala. Piga picha za skrini, ziweke kwenye faili lenye nywila, kisha chambua kutoka humo bila kurudi mtandaoni. Andika tarehe uliyoliona kila tangazo, maana matangazo huondolewa, na kesho hutalipata. Siku unayowasilisha kazi, futa akaunti siku hiyohiyo.

Kama umewahi kuugua tatizo la ulaji, au sasa hivi uko kwenye mpango wa kupunguza uzito, mwambie daktari wako unachotaka kusoma, na mwombe msimamizi akupe mada nyingine ndani ya somo hilihili: sheria za matangazo, historia ya sinema, uandishi wa magazeti. Zipo, na ni nzuri. Na mtu yeyote asikulazimishe kusoma maandishi yanayotaja kilo za wagonjwa na mbinu zao za kujinyima. Msomaji aliye dhaifu huweza kuyageuza kuwa maelekezo.

Ukitaka kuhoji watu, omba kibali cha maadili mapema, kwa sababu maswali kuhusu mwili hupitiwa kwa makini na huchukua wiki. Usiwahoji wafanyakazi wenzako. Atakayekueleza anavyojichukia kwenye kioo atakutana nawe kesho kwenye kikao, na mmoja wenu atajuta. Usichambue mwili wa shangazi kwenye harusi, hata kwa sifa. Nyumbani waambie mapema kwamba utakuwa ukisimamisha filamu katikati, na uchague siku ambazo hutasimamisha. Kuwa mwangalifu na makundi ya kusoma ya usiku, huwa yanageuka kuwa mazungumzo ya nani amepungua. Kuwa mwangalifu pia na programu za simu zinazohesabu hatua na chakula, ziondoe kwa muda wa muhula. Na kama chumba unachosomea kina kioo mbele ya meza, hamisha meza.