Jinsi ya kuingia kwenye albamu ya mseto usiyoizoea: tuanze na "Mkutano"

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, hii ni taarabu au siyo?" Alikuwa amekutana na Mkutano, albamu ya mwaka 2005 ambayo Taj Mahal, mwanabluzi wa Marekani, alipiga na Culture Musical Club ya Zanzibar. Mara mbili ilimshinda njiani. Tukakaa nayo jioni nzima, na njia tuliyopita ndiyo hii.

Hatua ya 1. Vaa hedifoni, za waya kama unazo. Spika ya simu inameza besi na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono), nawe utabaki kushangaa nyimbo zinatembelea nini.

Hatua ya 2. Jua waliokaa kila upande. Taj Mahal alikuja na watu wawili: Bill Rich kwenye besi na Kester Smith kwenye ngoma. Upande wa pili ni kundi zima la taarabu.

Hatua ya 3. Usianze na wimbo wa kwanza. Ingia kwa mlango unaoujua. Kwetu sisi ni "Muhogo wa Jang'ombe", ambao wengi tumeuzoea kwa sauti ya Bi Kidude. Usikilize mara mbili mfululizo, kisha ndipo uende "Catfish Blues".

Hatua ya 4. Fuata chombo kimoja tu. Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi zamani. Nilitaka kusikia vyote kwa pamoja, nikaambulia kelele, tena kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, nilikuwa naidhania gitaa. Ukitaka kuzitenganisha, subiri noti ndefu. Mpiga gitaa wa bluzi huvuta waya kwa kidole, sauti ikapanda polepole kama mtu anayelalamika. Kanuni hulazwa mapajani na hudonolewa kwa vidole viwili vya shahada vilivyovishwa vidonoo. Sauti yake hufifia upesi, kwa hiyo mpigaji akitaka noti irefuke huidonoa harakaharaka, nayo hutetemeka. Inayolalamika ni gitaa, inayotetemeka ni kanuni. Tahadhari: fidla nazo hulalamika, ila zenyewe zinakwaruzwa kwa upinde na haziachi mwanya wa pumzi.

Ukishaipata kanuni, rudia wimbo uleule na ushike fidla. Taarabu ina desturi ya fidla kumjibu mwimbaji kila anapomaliza mshororo. Bluzi ina desturi hiyohiyo, ila anayejibu ni gitaa. Tena "Catfish Blues" ni bluzi ya kale ya Mississippi (Robert Petway aliirekodi mwaka 1941), na haihamihami kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kama bluzi nyingi, inatulia palepale. Taarabu ya kizamani nayo hutembea ndani ya makamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, haisukumwi na kodi. Ndiyo maana ninaamini Taj Mahal na wenzake walipata pa kukaa bila kubanana.

Hatua ya 5. Kesho yake sikiliza Culture wakiwa peke yao, kisha Taj Mahal peke yake, ndipo urudi. Usifanye siku hiyohiyo, masikio huchoka.

Mpwa wangu alimaliza jioni ile akiinua kidole kila kanuni ilipoingia. Alikosea mara moja tu: ulikuwa udi, chombo kingine cha nyuzi cha taarabu.