Heka, mboga, tani, wiki: namna ya kulikagua neno kabla hujaliandika

Muuzaji na mnunuzi wamekubaliana heka moja ya shamba, wakimaanisha ekari. Mmoja anatembea hatua 70 kwenda mbele, anakata kona, anatembea 70 nyingine, vigingi vinne vinapigwa na fedha inahesabiwa. Baadaye anakuja mpima ardhi, na karatasi yake inasoma mita za mraba 2,756. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047. Karibu theluthi ya shamba haipo, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Aliyetembea alikuwa na hatua ya sentimita 75, basi.

Mwongozo huu ni wa anayeandika mkataba, anayetafsiri, anayetunga dodoso au anayefundisha. Kazi ni kujua neno lililo mbele yako linafuata fasili ya nani, kisha kuliandika ili mtu wa fani nyingine asilisome vingine.

Anza kwa kuyashuku maneno mepesi

Neno gumu kama "usanisinuru" halina madhara, maana asiyelijua atauliza. Hatari iko kwenye maneno ambayo kila mtu anayajua tangu utotoni: kazi, joto, uzito, tunda, mboga, mwezi, kijana, homa. Hayo hakuna anayeyaulizia. Kila mmoja anayasoma kwa maana ya kwao na kuendelea.

Chukua rasimu na kalamu, upigie mstari kila neno la kawaida ambalo fedha, tiba, hukumu au alama za mtihani zinalitegemea. Mara nyingi litakuwa neno linalobeba kipimo (heka, gunia, tani, siku), au linaloamua nani aingie na nani abaki nje (kijana, mkazi, mtoto), au neno moja la Kiswahili linalobebeshwa dhana mbili. Mfano wa hili la mwisho ni "joto". Sufuria ya lita 5 inayochemka na kikombe kilichochotwa humo wakati huohuo vina halijoto moja, yaani nyuzi zilezile, lakini joto lililomo kwenye sufuria ni kubwa mara nyingi zaidi. Mtaani yote ni joto na hakuna tatizo. Kwenye kitabu cha fizikia, anayeandika "joto la maji ni nyuzi 100" amemharibia mwanafunzi sura nzima inayofuata.

Tafuta fasili inapokaa

Katika sheria, usianze na kamusi. Sheria nyingi zina kifungu cha tafsiri, aghalabu cha 2 au cha 3, na neno likiwa limefasiliwa humo, fasili hiyo ndiyo inayotawala hata kama inapishana na lugha ya kila siku. Wakati mwingine kifungu hicho kiko mwishoni. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka fasili zake kwenye Ibara ya 260, na humo kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajafika 35. Mkataba wa Vijana wa Afrika unahesabu kuanzia 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya takwimu zake, unahesabu 15 hadi 24. Sasa mchukue msichana wa miaka 16: kwa Katiba ya Kenya ni mtoto, kwa mkataba wa Afrika ni kijana. Mchukue mwanamume wa miaka 30: takwimu za Umoja wa Mataifa zimeshamwacha. Ndiyo maana ripoti inayosema "mradi ulinufaisha vijana 200" bila kutaja umri haiwezi kulinganishwa na ripoti nyingine yoyote. Na mtaani, mzee wa miaka 80 atamwita kijana mtu wa miaka 45 mwenye wajukuu, naye hajakosea.

Maana ya sokoni haikuandikwa popote. Hapo ukiuliza "gunia maana yake nini?" utajibiwa kwa upole na hutapata kitu. Uliza "unapimaje?" na uombe uoneshwe. Utaona gunia lililoshonewa kilemba juu, yaani lumbesa, linalouzwa kwa bei ya gunia moja huku uzito wake ukipita kilo 100. Mkulima anayekubali bei "kwa gunia" bila kutaja kilo ndiye anayelipia kilemba hicho.

Lijaribu neno ukingoni

Katikati ya maana kila mtu anakubaliana. Tofauti hujitokeza pembeni, kwa hiyo tafuta kitu kilicho mpakani ukiulize neno lako kama kinaingia.

Turudi kwenye heka. Hesabu ya 70 kwa 70 haikutoka hewani. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari rasmi ni yadi za mraba 4,840. Karibu sawasawa. Kwa hiyo mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 91, ambayo ndiyo yadi, atapima ekari nzuri kabisa kwa miguu. Ila ukizisoma zile 70 kuwa mita, unapata mita za mraba 4,900, yaani ekari 1.21. Ziada hiyo ya mita za mraba 853 ni zaidi ya viwanja viwili vya mita 20 kwa 20. Namba ileile, 70 kwa 70, inatoa mashamba matatu tofauti kutegemea kipimo kilicho kichwani mwa aliyeitamka. Kisha kuna mtego mwingine: wengi Tanzania husema "heka" wakimaanisha ekari, na msomaji wa mjini anasikia hekta, ambayo ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu. Upande wa Kenya, ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa thumuni ya ekari. Ni futi za mraba 5,000, na thumuni halisi ni 5,445. Anayenunua ploti nane akidhani amekamilisha ekari amepungukiwa futi za mraba 3,560.

Neno "mboga" linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Dodoso la lishe linauliza: "Jana ulikula mboga?" Mwandishi alikuwa na mchicha kichwani. Lakini kwa Watanzania wengi mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, kwa hiyo "mboga ya leo ni dagaa" ni sentensi ya kawaida kabisa. Mama aliyepika dagaa na ugali atajibu ndiyo, kwa ukweli wote, na takwimu zitaonesha amekula majani. Kwa Mkenya wa Nairobi mboga kwa kawaida ni sukuma wiki na wenzake, kwa hiyo dodoso hilohilo litapima vitu viwili pande mbili za mpaka. Dawa yake ni kutaja: mboga za majani, kama mchicha, matembele, kisamvu au sukuma. Usitegemee neno la jumla likubebee maana.

Nyanya nazo zilifika mahakamani. Mtaalamu wa mimea huita tunda kile kinachokua kutoka kwenye ovari ya ua na kubeba mbegu, hivyo nyanya, bamia, bilinganya, tango na boga yote ni matunda. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1883 ilitoza mboga asilimia 10 na kuacha matunda mabichi bila ushuru, na waagizaji wa nyanya huko New York, akina Nix, wakamshtaki mkusanya ushuru wa bandari, Edward Hedden. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba kibotania nyanya ni tunda, kisha ikaamua kwamba kwa ushuru ni mboga, kwa kuwa watu huila pamoja na chakula kikuu na si kama kitindamlo. Shika hilo: sheria ilipotumia neno la kawaida bila kulifasili, mahakama ilifuata maana ya sokoni na mezani, ikaiacha ya maabara. Jikoni kwetu mpishi angewashangaa wote, maana kwake nyanya ni kiungo tu, kama kitunguu.

Tani inaumiza zaidi wanaoagiza mizigo. Tani ya metriki ni kilo 1,000, ya kale ya Kiingereza ni kilo 1,016, ya Kimarekani ni kilo 907. Hizo angalau zote ni za uzito. Kwenye nauli ya meli, mzigo unaochanganywa na wa wengine mara nyingi hutozwa kwa tani moja au mita moja ya ujazo, lolote litakalokuwa kubwa. Magodoro yenye kilo 400 yanayojaza mita za ujazo 6 yatalipiwa kama tani 6. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa Kariakoo huulizana CBM (mita za ujazo) ngapi kabla ya kuuliza kilo. Na ukisoma kwamba meli ina "tani jumla" 50,000 kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa 1969, hiyo haielezi uzito hata kidogo. Ni namba inayokokotolewa kutokana na ujazo wa ndani wa chombo, na haina kipimo nyuma yake.

Ulizia hesabu ilianzia wapi

Maneno ya muda yana kasoro ya peke yake: fani mbili zinaweza kutumia wiki ileile ya siku saba na bado zikapishana, kwa sababu zinaanza kuhesabu siku tofauti. Mfano unaogusa nyumba nyingi ni umri wa mimba. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, maana hiyo ndiyo siku ambayo mama anaweza kuikumbuka. Mimba yenyewe kwa kawaida hutungwa wiki mbili hivi baadaye.

Weka tarehe uone. Hedhi ya mwisho ilianza 1 Machi. Tarehe 12 Aprili kadi inaandikwa wiki 6. Mimba ilitungwa karibu na 15 Machi, kwa hiyo kwa hesabu ya nyumbani ni wiki 4. Mume aliyerudi safari 10 Machi akisikia "wiki 6" anarudi nyuma hadi 1 Machi, siku ambayo hakuwepo, na ugomvi unaanza kwa sababu ya fasili tu. Mhudumu anayetoa majibu aongeze sentensi moja: "Wiki hizi tumezihesabu kuanzia hedhi yako ya mwisho, mimba yenyewe ina kama wiki mbili pungufu." Anayetafsiri kijitabu cha uzazi naye asiiache. Ni sentensi fupi na inalinda ndoa ya mtu.

Mikataba nayo ikaguliwe hivyohivyo. "Ndani ya siku 30" kuanzia lini: siku ya kusaini, ya kupokea barua, au ya kesho yake? Siku za kalenda au za kazi? Kwa Kiswahili ongeza na saa: "saa 6" ya mzungumzaji ni adhuhuri au usiku wa manane, na ya ratiba ya ndege ni alfajiri. Andika saa 12:00 mchana, au saa sita mchana kwa maneno, na ushike mtindo mmoja hadi mwisho wa hati.

Kuandika

Ukishajua fasili ni ipi, una njia tatu, na huhitaji zote kila mara. Weka kipimo pembeni ya neno: "shamba lenye ukubwa wa mita za mraba 4,047 (ekari 1)". Au libane neno mwanzoni: "Katika mkataba huu, gunia ni gunia la kilo 100 kamili lililopimwa kwa mizani." Au liache kabisa uchukue jingine: halijoto badala ya joto, tungamo badala ya uzito pale unapomaanisha kilo. Gunia la sukari la kilo 50 lina tungamo la kilo 50; uzito wake wa kifizikia ni nyutoni 490.

Ukishalibana neno, usiliache likatoroka. Kosa linaloharibu hati nyingi ni kufasili kijana kuwa 18 hadi 35 kwenye ukurasa wa kwanza, kisha kunukuu takwimu za 15 hadi 24 kwenye ukurasa wa tano kwa neno lilelile.

Kosa lingine ni kusahihisha watu kwa fasili isiyo ya uwanja wao. Mbeba mizigo aliyesimama na gunia la kilo 50 kichwani hafanyi kazi yoyote kwa fasili ya fizikia, kwa kuwa gunia halisogei. Akilinyanyua mita 1.5 hadi kwenye lori, amefanya kazi ya jouli 735. Mwalimu aseme wazi kwamba fizikia imeazima neno na kulipunguza, na kwamba jasho la yule mtu ni la kweli. Mwanafunzi anayeambiwa "ile si kazi" bila maelezo anaamini somo ni la uongo, au anaamini macho yake ni ya uongo, na vyote viwili vinamrudisha nyuma.

Mwisho, ijaribu rasimu kwa watu wawili wa fani tofauti, na usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu watasema ndiyo. Wape kila mmoja karatasi tupu na umwombe atoe namba: shamba hili ni mita ngapi za mraba, malipo yanaisha tarehe gani, mtu wa miaka 16 anaingia au haingii. Namba zikitofautiana, liko neno jepesi ambalo hukulipigia mstari, na kwa kawaida liko kwenye sentensi ambayo hakuna aliyeuliza chochote kuihusu.