Jinsi ya kuandika kanuni za shindano la madaraja ya vijiti na kuyapima bila ugomvi

Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu mwenzangu wa fizikia hapa Ilemela, Mwanza, tukaandaa kanuni za shindano la klabu yake. Naziweka hapa zimfae na mwingine. Usiruke hatua ya 4.

Hatua ya 1: Vifaa

Vijiti vya aiskrimu na gundi nyeupe ya mbao, basi. Tambi sizikubali, ni chakula. Gundi ya kukauka papo hapo nimeipiga marufuku: inanasa vidole vya watoto, na kiungo chake huachia ghafla. Gundi nyeupe ipewe saa 24, masika siku mbili, viungo vikiwa vimebanwa kwa vibanio vya nguo.

Hatua ya 2: Vipimo

Urefu sm 50, uwazi kati ya meza mbili sm 40, uzito usizidi gramu 200. Katikati ya sakafu ya daraja liachwe tundu la sm 2 la kupitishia bolti ya mzigo. Liandike kwa herufi kubwa, maana wanasahau.

Mwanafunzi aliyevuka daraja la Kigongo–Busisi, lile la Ziwa Victoria, ataomba kuweka nyaya za uzi. Mweleze kwamba nyaya zile zinashikwa na minara iliyosimama juu ya nguzo zilizozama ziwani. Kwetu hakuna nguzo katikati, kwa hiyo uzi hauruhusiwi. Afikirie kuunga vijiti kwa pembetatu.

Hatua ya 3: Uzito wa daraja

Tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Hatua ya 4: Mzigo

Mwaka wangu wa kwanza niliandika tu "mpaka daraja livunjike". Daraja la kundi moja likabonyea polepole kama chandarua, likateleza kati ya meza, likaanguka na ndoo yake. Tulipoliokota, hakuna hata kijiti kimoja kilichokatika. Watoto wakasema halijavunjika, na kwa kanuni yangu walikuwa na haki. Tulibishana mpaka jua likazama, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Sasa naandika hivi: jaribio linaisha daraja likivunjika, AU likibonyea sm 3, AU likiteleza mezani. Simamisha rula pembeni na umpe mtu mmoja kazi ya kuitazama, asifanye jingine. Mlio wa "ta!" peke yake si kuvunjika, endelea kumimina. Kinachohesabiwa ni mzigo uliobebwa kwa sekunde 10 kamili.

Mzigo wenyewe: kata ubao wa sm 10 kwa 5, utoboe katikati, upitishe bolti ndefu, na chini yake ufunge kulabu ya kuning'iniza ndoo ya lita 20. Ubao ni huohuo kwa makundi yote. Kundi moja likipewa ubao mpana zaidi, mzigo wake unasambaa na ushindi si wa haki.

Mimina mchanga mkavu, kopo la kilo moja kila sekunde 10. Matofali sitaki, kila moja linatua kwa mshtuko. Maji yanayumba ndooni, na yakimwagika yanalainisha gundi ya kundi linalofuata. Mchanga wa ufukweni uanikwe kwanza, la sivyo unaganda koponi na kudondoka bonge zima. Ndoo ikijaa inakaribia kilo 30, hivyo weka ya pili tayari.

Chini ya ndoo laza tairi kuukuu, ndoo ining'inie sm 5 tu juu yake. Anayemimina avae miwani ya kinga.

Mwishoni pima ndoo, mchanga, ubao na kulabu kwa pamoja. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia sangara mwaloni, inaifanya kazi hii vizuri.

Hatua ya 5: Alama

Gawanya mzigo kwa uzito wa daraja, vyote kwa gramu. La gramu 120 lililobeba kilo 24 lina alama 200. La gramu 200 lililobeba kilo 30 lina 150. La kwanza limeshinda.

Kabla ya kufagia, kila kundi lioneshe lilipovunjikia. Gundi ikiwa imeachia laini, bila nyuzi za mbao kubaki juu yake, basi haikukauka au kiungo hakikubanwa.