Kumpokea ndege mvumaji mwezi Machi: sukari, maji na usafi wa chombo

Wiki iliyopita dada mmoja jirani yangu, mwenyeji wa Goma, aliniuliza kwa nini wavumaji wanakuja kwangu na kwake hawatui. Tunaishi Georgia, kusini mwa Marekani. Nilikwenda kukitazama chombo chake cha kuwanyweshea maji ya sukari, nikaliona tatizo papo hapo, maana liliwahi kunikosesha ndege majira mazima. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Kwa aliyekulia kwetu: mvumaji anafanana na chozi kwa mdomo mwembamba na kupenda maua, ila si wa ukoo mmoja. Chozi mara nyingi hutua ndipo anyonye. Mvumaji huelea mbele ya ua, mabawa yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde. Wetu wa huku mashariki ni yule ambaye dume lake lina koo jekundu linalong'aa juani.

1. Wahi

Georgia natundika chombo ifikapo tarehe 15 Machi. Aliye Ohio anaweza kungoja hadi katikati ya Aprili. Madume hutangulia, majike hufuata baadaye. Wanatoka Meksiko na Amerika ya Kati, na wengi huvuka Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 800, bila pa kutua. Ndege wa gramu 3! Anafika mafuta ya mwilini yamekwisha, na maua bado ni machache.

2. Chombo

Nunua kile cha sahani bapa chenye kifuniko chekundu. Achana na chupa ya kupindua. Jua likiipasha huvuja, nyuki na sisimizi wakajaa, na brashi haifiki kwenye pembe zake.

3. Maji ya sukari

Kikombe 1 cha sukari nyeupe, vikombe 4 vya maji. Koroga, acha yapoe. Yanayobaki yakae kwenye friji, yasizidi wiki moja. Usitie rangi, wekundu wa kifuniko unatosha. Usitie asali, ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha kuvu. Sukari guru pia hapana, ina madini ya chuma yanayomdhuru.

4. Kuosha

Hapa ndipo nilipopoteza Machi na Aprili yote. Nilikuwa nasuuza chombo kwa maji ya bomba, nakiona kinameta, najaza tena. Ndege anakuja, anachovya mdomo mara moja, haonekani tena. Nikabadili sukari, nikahamisha kamba, nikanunua chombo kingine. Siku moja nikayang'oa yale maua ya plastiki yenye matundu. Kwa nyuma yalikuwa na ukungu mweusi, na utelezi umeganda ndani ya kila tundu. Kwa jirani yangu ilikuwa vivyo hivyo.

Basi fungua kila kinachofunguka. Loweka saa moja katika maji ya moto yenye siki, sehemu 1 ya siki kwa 4 za maji. Pitisha brashi nyembamba katika kila tundu, mbele na nyuma. Suuza mpaka harufu ya siki iishe. Mimi sabuni siitumii kabisa, hung'ang'ania matunduni.

Fanya hivyo kila unapobadili maji, hata kama ndege hawajayagusa. Kukiwa na ubaridi, kila siku 3 au 4. Joto likifika nyuzi 27, kila siku 2. Joto la Julai, kila siku. Ukiona maji yana weupe kama ya mchele, umeshachelewa, mwaga. Ndiyo maana mwanzoni natia nusu kikombe tu: chombo kikijaa, mtu huona uchungu kumwaga.

5. Kutundika

Penye kivuli cha mchana, paka asipofika. Ama chini ya mita 1 kutoka dirishani, ama zaidi ya mita 10. Katikati ya hapo ndege hupata kasi ya kutosha kujiua kwenye kioo. Na usipulize dawa ya wadudu uani. Mvumaji anakula mbu wadogo na buibui, na mapema hivi ndicho chakula chake cha hakika.

Usiku wa baridi kali naingiza chombo ndani ili maji yasigande. Mvumaji naye hupoza mwili na kupunguza mapigo ya moyo ili avuke usiku, kisha huamka na njaa kali. Kwa hiyo nakirudisha nje kabla hapajapambazuka.