Kahawia Inayodanganya: Kusoma Slaidi za Kingamwili kwenye Uvimbe Mweusi wa Unyayo

Kwa watu weusi wa Afrika Mashariki, melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hupenda unyayo, na mara nyingi huja imejaa melanini, yaani rangi hiyo yenyewe. Hapo ndipo kosa linapoanzia: melanini ni ya kahawia, na DAB, rangi ya maabara inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika protini inayotafutwa kwenye tishu, nayo ni ya kahawia. Kwa hiyo kata kipande cha pili kutoka bloku ileile ya nta yenye tishu, kipitishe hatua zote bila kingamwili ya kwanza (ile inayoshika protini yenyewe), kisha viweke viwili hivyo sambamba. Kahawia ikijitokeza palepale kwenye vyote viwili, hiyo si alama ya kingamwili; yaelekea ni melanini. Ukiweza, tumia rangi nyekundu kama AEC, lakini AEC huyeyuka kwenye alkoholi na zailini: baada ya hematoksilini (rangi ya buluu ya viini), funika kwa gundi ya maji moja kwa moja. Wenye DAB tu wanaweza kutumia Giemsa, rangi nyingine ya buluu, badala ya hematoksilini. Melanini huelekea kijani, DAB hubaki kahawia.

Fomalini ya kuhifadhia tishu iwe ya 10% yenye bafa, ujazo wake mara 10 hadi 20 ya tishu, kwa saa 6 hadi 72. Uvimbe mkubwa upasuliwe kwanza, la sivyo katikati hubaki mbichi na kingamwili hushika kingoni tu. Kata mikroni 3 hadi 4. Keratini nene ya unyayo hubanduka na kujikunja wakati wa kuchemsha slaidi ili kingamwili iweze kushika, na rangi hujikusanya kwenye mikunjo. Tumia slaidi zenye chaji ya umeme inayonasa tishu, zikaushe vizuri kwenye oveni, na usihesabu chochote kilicho kwenye mkunjo.

Kabla ya kuutazama uvimbe, tafuta neva na tezi za jasho. Unyayo umejaa tezi hizo, na sehemu yake inayotoa jasho hushika S100 na SOX10, kingamwili mbili zinazotumika pia kutafuta melanoma. Ikiwa neva na tezi hazikushika rangi ya kingamwili, rudia slaidi; matokeo hasi hapo hayana maana yoyote. SOX10 husomwa ndani ya kiini peke yake.

Hatari kubwa ni melanoma ya seli nyembamba ndefu zilizozama kwenye nyuzi za kolajeni. Hii mara nyingi haishiki HMB-45 wala Melan-A, kingamwili nyingine mbili za melanoma. Anayetegemea hizo mbili ataandika “kovu”, na mgonjwa ataondoka na saratani yake. Weka S100 na SOX10 kila mara, ukijua kwamba kovu la biopsi iliyotangulia nalo huwa na seli chache zilizotawanyika zenye S100.

Seli ndefu kama hizo zaweza pia kuwa saratani ya seli bapa, hasa kwenye ngozi iliyounguzwa na jua ya mtu mwenye ualbino. AE1/AE3 (kingamwili ya keratini) ikiwa hasi, isikutoshe kuikataa. Ongeza p40 na CK5/6, kingamwili nyingine za seli bapa.

Na kwa kuwa ni mguu, usisahau Kaposi, saratani ya mishipa. CD34, kingamwili ya seli za mishipa, peke yake haiithibitishi. Omba LANA-1, kingamwili ya protini ya HHV-8 (kirusi kinachosababisha Kaposi), na ukubali tu nukta zilizo ndani ya kiini.